Sahani ya Nne

Mikono bado inanuka spiriti hata baada ya kunawa mara mbili. Nimeshinda gerejini kwa Mzee tangu asubuhi. Yeye ni Mwingereza, alikuwa mtafiti wa maabara kabla ya kustaafu, ila nimemwita Mzee mpaka jina limemkaa. Siku hizi nikimpigia simu anapokea kwa "Mzee hapa".

Ana kompyuta ya PDP-11/23 ya kampuni ya Digital, toleo lililotoka 1979, pamoja na kiendeshi cha RL02 na sahani zake nne za kuhifadhi data, ambazo tunataka kuzinakili kwenye laptopu yangu. Nikisema sahani ni sahani kweli: duara la alumini la inchi 14, limepakwa rangi ya kahawia yenye sumaku, limefungiwa ndani ya ganda la plastiki lenye mkono juu, unalibeba kama hotpoti ya pilau. Na ukubwa wote huo ni kwa baiti 10,485,760. Picha tatu za simu yangu zinaijaza.

Umri wa sahani haunitishi. Vinavyonitisha ni vichwa. Vichwa vya kusomea havigusi sahani, vinaelea juu yake kwa upepo wa mzunguko wenyewe, mizunguko 2,400 kwa dakika, na uwazi uliobaki ni mdogo kuliko chembe ya vumbi. Chembe ikinasa hapo, kichwa kinakwaruza, unga unaruka, kisha kichwa hicho kilichochafuka kinakwenda kuharibu sahani inayofuata. Ni ugonjwa wa kuambukiza. Isitoshe, alama zinazoongoza vichwa kwenye njia zake ziliandikwa kiwandani, na kiendeshi chenyewe hakina uwezo wa kuziandika upya. Zikifutika, hiyo sahani imebaki pambo.

Kwa hiyo wiki mbili zilizopita kazi ilikuwa kusafisha tu. Sponji za ndani zilikuwa zimegeuka kitu kama asali iliyochacha, nikazikwangua kwa kijiti. Leo nimeanza na sahani ambayo Mzee mwenyewe alisema haina kitu, hiyo ikawa kafara. Nikabonyeza kitufe cha kuzuia kuandika kabla ya kingine chochote, halafu cha LOAD. Mlio ukapanda taratibu kama ndege inayojiandaa kuruka, tukasikia vichwa vikiingia, taa ya READY ikawaka. Mzee hakusema neno. Mimi nilikuwa nimebana pumzi bila kujua.

Sasa utaisomaje sahani ikiwa mashine haina pa kupata mfumo wa kuwakia? Hapo ndipo uigizaji unapoingia, yaani kifaa kimoja kujifanya kingine, na hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Digital walikuwa na kifaa cha kanda ndogo kiitwacho TU58, kilichozungumza na kompyuta kupitia waya wa siriali wa kawaida kabisa. Waya ni waya, haujui ng'ambo yake kuna nini. Laptopu yangu ikajifanya TU58, ikajibu kila swali kwa adabu, na PDP-11 ikawaka na mfumo endeshi wa RT-11 kutoka kwenye kanda ambayo haipo. Kila kanda ya namna hiyo inabeba baiti 262,144, hivyo sahani moja ingehitaji kanda 40. Sikutaka mambo ya kukatakata; mfumo ulipothibitisha kwamba mashine ni nzima, nikaingiza programu fupi inayosoma sekta moja moja, yaani vile vipande vidogo ambavyo sahani imegawanywa, na kuisukuma kwenye waya. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, sahani moja ni saa tatu na dakika zake. Tulikunywa chai nyingi, ile yao isiyo na tangawizi.

Sahani ya pili na ya tatu zimetoka. Ya tatu ina sekta mbili zilizokataa kusomeka hata baada ya kujaribu mara kumi, nikaandika namba zake kwenye daftari na kuziacha tupu ndani ya nakala. Sipendi wanaojaza sifuri kimyakimya. Shimo liitwe shimo. Njia ya mwisho ya kila RL02 ina orodha ya sekta mbovu pamoja na namba ya sahani yenyewe, na nakala imebeba hiyo pia. Kwa hiyo faili iliyo kwenye laptopu yangu, isiyo na alumini wala rangi, bado inajua makovu ya mwili ilimotoka.

Jioni tulizima kiendeshi kabisa. Nikachomeka QBone, bodi inayopanda kwenye mashine na kujifanya RL02, nikaipa nakala ya sahani ya pili. PDP-11 ikawaka bila kusita. Mzee akaandika DIR, amri ya kuorodhesha faili, kwa vidole viwili, majina ya faili zake za FORTRAN, lugha ya programu aliyoitumia, yakashuka kwenye kioo, na akaanza kuyasoma kwa sauti kama mtu anayeita mahudhurio. Kwenye moja akasimama, akasema, "Hii si yangu. Hii ni ya kijana aliyekuwa akitumia mashine usiku." Akacheka, kisha akataka tuifungue. Ilikuwa mchezo wa kubahatisha namba. Akaucheza mara nne, akashindwa zote.

Sahani ya nne ndiyo aliyoitaka hasa, yenye vipimo vyake vya mwisho kabla maabara haijafungwa. Nilipoizungusha kwa mkono nje ya kiendeshi niliona mstari mwembamba unaong'aa, kama nywele, upande wa chini. Pale rangi imekwisha. Nikamwonyesha kwa tochi. Akatazama kwa muda, akaniuliza kama vichwa vikiharibika kwenye hiyo tunavyo vingine. Nikamwambia hatuna.

Akairudisha ndani ya ganda lake, akaifunga, akaiweka juu ya kabati, si kwenye sanduku na zile nyingine.

Nimeanza kutafuta vichwa vya akiba.