Kufelisha au kushauri: uzoefu wangu kwenye ukaguzi wa MOT

Nakagua magari katika gereji moja mjini Leicester, Uingereza. Gari dogo likitimiza miaka mitatu, linatakiwa kupita ukaguzi wa MOT, yaani ukaguzi wa kisheria wa usalama wa gari, kila mwaka. Mambo mengi hayana ugumu: taa ya breki haiwaki, gari limefeli, basi. Kinachoumiza kichwa ni vitu vilivyochakaa lakini bado vinafanya kazi.

Mimi nimeshika msimamo mmoja: ninakagua gari lilivyo leo. Naweza kuona bushi, kile kipande cha mpira kwenye viungo vya suspensheni, na kujua kabisa kwamba haimalizi miezi sita, lakini kama leo haijalegea kupita kiasi, inapita. Nikiifelisha kwa utabiri wangu, nimemtwisha mwenye gari gharama ambayo sheria haijamdai. Nikinyamaza, nimemficha jambo ambalo alikuwa na haki ya kulijua. Ushauri unaoandikwa kwenye cheti upo kwa ajili hiyo.

Tangu Mei 2018 kasoro zimegawanywa kuwa za hatari, kubwa na ndogo. Za hatari na kubwa zinafelisha. Ndogo inapita, ila ni lazima iandikwe, maana imo kwenye mwongozo wa wakaguzi. Chukua mpira unaofunika jointi ya ekseli. Ukichakaa sana ni kasoro ndogo. Ukipasuka hata uchafu ukaweza kuingia, ni kubwa. Kwa hiyo nazungusha gurudumu taratibu na kufunua mikunjo ya mpira huo mmoja mmoja, kwa kuwa mpasuko hupenda kujificha humo ndani.

Tairi ndilo linaloleta mabishano kuliko kitu kingine. Kina cha mifereji kisipungue milimita 1.6, lakini kipimo hicho kinahusu robo tatu ya upana, ile ya katikati, kuzunguka tairi zima. Sasa linakuja tairi ambalo katikati lina milimita tatu, na ukingo wa ndani ni kipara kitupu. Macho yanasema lifeli. Mwongozo unasema lipite, mradi nyuzi za ndani ya tairi hazijatokeza. Zikitokeza, hiyo ni kasoro ya hatari na gari halipaswi kuendeshwa. Kwa tairi la namna hiyo napitisha kidole na tochi kwenye ukingo wote, na nisipokuta nyuzi naandika: "Tairi la mbele kushoto limeisha ukingo wa ndani, alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) ikaguliwe." Kuandika tu "tairi limechakaa" hakumsaidii mtu. Mwenye gari anahitaji kujua ni tairi lipi, wapi, na limefika kiasi gani.

Oili nayo ina kipimo. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, dimbwi la upana unaozidi milimita 75 ndani ya dakika tano linafelisha. Unyevunyevu kwenye gasketi ni ushauri.

Kutu ndiyo inayotaka mkono. Nimekulia Mombasa, najua chumvi ya bahari inavyolitafuna bati, na huku wakati wa baridi chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Nagonga, nabonyeza, nasikiliza sauti. Kutu ya juujuu kwenye bati linalolia imara naiandikia ushauri. Bati likibonyea au likitoboka karibu na pale inaposhikiliwa suspensheni au mkanda wa kiti, ndani ya sentimita 30, linafeli, hata kama tundu ni dogo.

Shinikizo linatoka pande mbili. Gereji nyingi zinakagua na kutengeneza vilevile, kwa hiyo kila ninachofelisha kinaweza kuwa kazi ya mwenzangu hapo hapo, na mwenye gari anaweza kunishuku. Dawa yangu ni kumwita mwenye gari aje chini ya lifti, nimwonyeshe kitu chenyewe na kipimo chake. Mtu akishaona pedi ya breki iliyoshuka chini ya milimita 1.5, mabishano yanaisha.

Upande wa pili ni wa wanaouza magari. Historia ya MOT iko wazi mtandaoni; mwenye namba ya gari anaisoma bure, pamoja na kila ushauri. Dada mmoja wa kwetu Pwani aliniomba nisiandike kutu ya mabomba ya breki.

"Kaka, ukiandika hivyo nani atalinunua?"

"Dada, na atakayelinunua akipakia watoto?"

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza mabomba mapya ni bei gani. Nikamwambia cheti kitabaki na ushauri ule, kwa kuwa ndivyo gari lilivyokuwa nilipolikagua, lakini akitengeneza atunze risiti amwonyeshe mnunuzi. Aliyabadilisha wiki hiyo hiyo, kwa fundi wa gereji nyingine, na risiti akaiweka pamoja na cheti.