Geuka nyuma

Binti yangu anajisajili kwenye mchezo wa simu. "Mama, nikiandika jina la uongo hakuna atakayenijua, eti?" Nikamwambia aende akale kwanza. Moyoni nilikuwa nimesharudi mwaka 1999, Uingereza, maktaba ya chuo, usiku.

Siku hizo tulikuwa tukipiga soga kwenye IRC, mfumo wa soga za maandishi mtandaoni alioubuni Mfini Jarkko Oikarinen pale Oulu, Finland, mwaka 1988. Hukuulizwa kitambulisho. Unachagua lakabu, unaingia kwenye chaneli, yaani chumba cha soga, basi. Chaneli yetu ilikuwa ya Waswahili waliotawanyika, na mle nilimpenda zaidi mmoja aliyejiita Yungiyungi. Nikimwamkia shikamoo dada, ananijibu, "Marahaba mdogo wangu, umekula?" Alikuwa mke wa mtu, anasoma ughaibuni, na yaliyomsibu ndani ya nyumba yake aliyatoa pale kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuyatoa.

Usiku mmoja akaingia mwanamume tusiyemfahamu. Akabishana na Yungiyungi. Mara akabandika mstari mmoja mbele yetu sote: herufi, nukta, nambari. Ilikuwa anwani ya kompyuta ya Yungiyungi. Kisha akaanza kuichambua kipande kwa kipande, taratibu. Hii ndiyo nchi. Hiki ndicho chuo. Hii ndiyo idara. Hiki ndicho chumba, na hii ndiyo mashine uliyoikalia. Kila kipande alikituma peke yake, akatuacha tusubiri. Chaneli nzima kimya. Halafu akaandika: "Geuka nyuma."

Mimi niliyekuwa nchi nyingine kabisa niligeuka.

Nilipotazama tena, seva ilikuwa imeandika kwamba Yungiyungi ametoka.

Yule mtu hakuvunja kufuli lolote, na hilo ndilo linaloniuma. Alitumia whois, amri ya kuonyesha anwani ya mwenye lakabu, aliyopewa kila mtu, na vyuo vingi vilizipa kompyuta majina ya mahali zilipo. Nikajaribu amri ileile kwa lakabu yangu: ikataja maktaba na nambari ya mashine niliyokuwa nikiitumia. Hata maneno yetu ya faragha yalipita kwenye seva yakiwa wazi, bila kufumbwa, na mwenye seva akitaka aliweza kuyasoma. Mtandao ule ulizaliwa chuoni, kati ya watu wasio na sababu ya kuogopana. Lakabu ilitosha kwa sisi wa mzaha. Yeye aliyehitaji kujificha kwelikweli haikumsitiri hata kidogo, na kosa halikuwa lake.

Majuma yakapita. Jioni moja nikaliona jina lake kwenye orodha. Nikaandika haraka: "Shikamoo dada."

Jibu: "Poa, wewe nani?"

IRC ilikuwa na mitandao mingi: wenzetu wa mtandao wa DALnet walikuwa na NickServ, huduma ya kulinda jina kwa nywila. Sisi tulikuwa kwenye mtandao wa EFnet, ambako lakabu haina mwenyewe. Ukitoka tu, yeyote anaichukua. Dada yule hakuwa mtu wa kuiacha salamu bila marahaba. Lakini baada ya usiku ule, hata yeye angeweza kujibu hivyohivyo, na angekuwa na haki.

Nikaandika: "Kama ni wewe, nimefurahi uko salama. Kama si wewe, tafadhali mwachie jina lake."

Hakujibu.