Mdororo mmoja, mikoa tofauti: kupima soko la ajira kabla ya kufunga mizigo

Uchumi ukidorora, wastani wa taifa humfaa waziri kuliko anayetafuta kazi. Oktoba 2009 ukosefu wa ajira Marekani ulifika asilimia 10. Kipindi hichohicho katika jimbo la Michigan ulipita asilimia 13, na katika jimbo la North Dakota haukufika hata 5. Hispania mwaka 2013 ilikuwa hivyohivyo: kusini, katika Andalusia, zaidi ya asilimia 35, na kaskazini, katika Nchi ya Basque, chini ya 20. Serikali moja, sarafu moja, lakini anayebisha hodi kwa waajiri anakutana na masoko mawili yasiyofanana kabisa.

Tofauti hiyo huanzia kwenye kile ambacho mkoa unawauzia watu wa nje. Saluni, maduka na mafundi wa mtaani huishi kwa fedha inayoingizwa na sekta chache tu. Hizo zikiyumba, nao huyumba miezi michache baadaye. Michigan iliuza magari, na gari jipya ni kitu cha kwanza mtu kuahirisha: mauzo Marekani yalishuka kutoka takriban milioni 16 mwaka 2007 hadi kama milioni 10.4 mwaka 2009. Nevada ilitegemea ujenzi na wageni wa starehe. North Dakota ilikuwa na nafaka, na wakati huo uzalishaji wake wa mafuta ndio ulikuwa unapanda. Watu huahirisha gari, hawaahirishi mkate.

Ipo hesabu fupi ya kupima utegemezi huo. Chukua asilimia ya wafanyakazi wa mkoa walio katika sekta fulani, gawanya kwa asilimia ya sekta hiyohiyo nchi nzima. Ujenzi ukiwa asilimia 12 mkoani na 6 kitaifa, jibu ni 2. Moja maana yake mkoa ni wa kawaida tu. Kwa ujenzi, magari, madini au utalii, likipita 1.5 mimi huanza kuwa na wasiwasi. Takwimu za kuanzia huwa kwenye tovuti ya ofisi ya takwimu ya nchi, katika jedwali la ajira kwa sekta. Usiishie kwenye sekta, tazama pia waajiri wakubwa: mji wenye viwanda kumi vinavyomuuzia mnunuzi mmoja una mwajiri mmoja, hata kama mabango ni kumi.

Hospitali, vyuo vikuu na ofisi za serikali hutajwa kuwa kinga. Ni kweli, ila kwa kuchelewa. Mapato ya kodi hushuka baada ya biashara kushuka, kisha bajeti hupunguzwa. Marekani, sekta binafsi ilianza kuongeza ajira mwaka 2010, huku serikali za majimbo na miji zikiendelea kupunguza watu. Aliyekimbilia ualimu mwaka huo akidhani amefika mahali salama alikuta milango ndiyo inafungwa.

Sasa kosa linalowapoteza wengi: kushangilia kiwango cha ukosefu wa ajira kinaposhuka. Kiwango hicho ni wasio na kazi wanaoitafuta, ukigawanya kwa nguvukazi yote. Mkoa una nguvukazi ya watu 200,000, wasio na kazi 20,000: asilimia 10. Watu 8,000 kati ya hao wakihama au wakikata tamaa na kuacha kutafuta, wanabaki 12,000 kati ya 192,000, yaani asilimia 6.25. Kiwango kimeshuka karibu pointi nne, na hakuna hata kazi moja iliyoongezeka. Kwa hiyo soma idadi ya walioajiriwa kabla ya kiwango, na linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita, maana mavuno na msimu wa watalii huipotosha picha.

Kipimo ninachokiamini zaidi kwa anayetafuta kazi ni wasio na kazi kwa kila nafasi iliyo wazi. Marekani mwaka 2009 walizidi 6. Matangazo ya kazi yahesabu kwa uangalifu: tangazo moja hurudiwa na mawakala watatu, na mengine ni ya kukusanya wasifu tu. Tangazo linalorudi kila mwezi kwa nafasi ileile mara nyingi ni dalili kwamba watu hawadumu pale.

Ujerumani ina fundisho la aina yake. Mwaka 2009 uchumi ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 5, lakini ukosefu wa ajira ulipanda kidogo tu, kwa sababu zaidi ya watu milioni 1 walipunguziwa saa huku serikali ikifidia sehemu ya ujira. Aliyekuwa ndani alinusurika. Kwa aliye nje, mkoa wa namna hiyo unaweza kuwa na kiwango kizuri na ajira mpya chache sana: mauzo yakirudi, kiwanda huwarudishia wa zamani saa zao kwanza.

Ukiamua kuhama, piga hesabu ya kinachobaki. Mshahara wa 1,500 penye kodi ya nyumba ya 800 unaacha 700. Wa 1,150 penye kodi ya 300 unaacha 850. Ongeza amana ya nyumba na miezi ya kungoja mshahara wa kwanza. Ulizia kama leseni yako ya kazi inatambulika huko, na kama mwenzi wako atapata kazi, kwa kuwa familia nyingi hukwama hapo. Mwenye nyumba ya mkopo ana kikwazo kingine: bei ikishuka chini ya deni, kuuza ni kulipa ili uondoke.

Na mkoa unaong'aa uchunguze kwa hesabu ileile ya utegemezi. Bei ya mafuta ilianguka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya 30 mwanzoni mwa 2016, na North Dakota, iliyokuwa kimbilio, ikaanza yenyewe kupunguza wafanyakazi wakati sehemu kubwa ya nchi ikiajiri.