Mwarobaini wangu ulipotoa maua ya zambarau

Nilipohamia nyumba hii hapa Arua, Uganda, nilitaka mwarobaini uani kabla ya kitu kingine chochote. Kivuli, ndiyo, lakini zaidi nilitaka majani ya kutwanga na kuloweka ninyunyizie sukuma, maana vidukari vilikuwa vinanimaliza. Muuza miche wa kando ya barabara alinipa miwili. "Mwarobaini huo, mama." Nikapanda, nikamwagilia kiangazi kizima.

Mwaka wa tatu ikachanua maua ya zambarau hafifu, yananukia mpaka chumbani. Jirani yangu, mama aliyekulia Kongo, akasimama akaitazama. "Dada, hii si mwarobaini. Ua la mwarobaini ni jeupe. Hii ni lira." Nikambishia.

Niliacha kubisha siku nilipomkuta binti yangu mdogo amejaza mfuko matunda ya njano yaliyodondoka. Matunda ya lira ni sumu, kwa mtu na hata kwa nguruwe. Nilimkung'uta mfuko huku mikono inanitetemeka.

Kesho yake nilikwenda kwenye mwarobaini mkubwa ambao kila mtu mtaani anaujua, nikachuma jani moja, nikaliweka mkekani pamoja na jani la kwangu. Hapo ndipo nilipoona. Jani la mwarobaini lina uti mmoja tu, na vijani vimepangwa huku na huku, vimepinda kidogo kama mundu, kingo zina meno ya msumeno. La lira, uti wenyewe unatoa matawi, na kila tawi lina vijani vyake. Matunda nayo hayafanani: la mwarobaini limerefuka kama zeituni, la lira ni duara, na kokwa yake ina matuta na tundu katikati; ndiyo maana watu huitunga rozari.

Afisa misitu mmoja aliniandikia majina ya kitaalamu: Azadirachta indica ndiyo mwarobaini, Melia azedarach ndiyo lira. Akaniambia mkanganyiko huu ni wa zamani. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea, aliiweka miti yote miwili katika jenasi moja, yaani kundi moja la mimea ya karibu, Melia, na mwarobaini ukapewa jina lake la sasa katika miaka ya 1830. Azadirachta na azedarach yote yametoka kwenye Kiajemi, azad dirakht. Basi muuza miche wangu nilimsamehe.

Tangu hapo jina peke yake halinitoshi. Hata kwenye mboga: nakati tunayokula majani na ntula tunayokula matunda ni spishi moja, Solanum aethiopicum, na Watanzania hizo ntula wanaziita ngogwe au nyanya chungu. Mtu akinitajia mmea, namwomba jani, ua na tunda, na kama ni mbali anipigie picha ya vyote vitatu, jani lionekane zima na uti wake.

Lira zote mbili nilizikata. Kwenye nyumba yenye watoto sikuona njia nyingine. Mbegu za mwarobaini niliziokota chini ya ule mti mkubwa, nikazisafisha na kuzipanda siku hiyohiyo, kwa sababu zikikaa wiki chache tu haziwezi kuota tena. Iliota minne. Mmoja sasa unanifika kiunoni, na jani lake lina uti mmoja.