Chungu Kitupu Dirishani

Leo asubuhi nimekitoa chungu kwenye kabati la chini ya sinki nikakirudisha dirishani. Mtu akikiona atasema nimechanganyikiwa: udongo mkavu tu, hata jani moja hakuna. Nimeutilia maji nusu kikombe. Basi.

Humo mna mmea wa oksalisi, na huu ni wa pili. Wa kwanza niliununua Machi ya mwaka juzi. Hapa Boston, ikikaribia tarehe 17 ya mwezi huo, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, maduka hujaa vichungu vya majani matatu-matatu vilivyofungwa karatasi ya kijani inayong'aa. Waayalandi hapa ni wengi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba jani lao hasa, alama ya sikukuu hiyo, ni la klova, mmea wa malisho, na huu wa dukani ni oksalisi, asili yake Brazili na nchi za jirani. Wanafanana kwa majani tu, undugu hawana.

Usiku wa kwanza niliukuta umekunja majani yote kama miavuli. Nikadhani una kiu, nikaumwagia maji. Kesho yake usiku tena, nikamwaga tena. Kumbe ndivyo unavyolala! Kila jioni hufunga, asubuhi hufungua, na hata jua likiuchoma sana mchana hujikunja. Mimi naujaza maji kila ukisinzia. Kufika Juni vikonyo vimelegea, majani ya njano, nikautupa. Nilipokuwa nakung'uta chungu juu ya pipa niliona vitu vidogo vyenye magamba, mfano wa funza wanene. Nikashukuru kwamba nimevitupa. Vile ndivyo vilikuwa mmea wenyewe, mashina yake ya chini ya udongo. Pengine vingine vilikuwa bado vizima.

Huu wa sasa ni wa zambarau, majani ya pembetatu kama vipepeo, na vimaua vya waridi hafifu. Nilikuwa nimejifunza. Chungu chenye tundu chini, dirisha la mashariki, na simwagilii mpaka nichomeke kidole na kukuta pamekauka hadi pingili ya kwanza. Maji yakitiririka kwenye kisahani nayamwaga. Ulinikubali vizuri.

Siku moja nikiongea na mama, yuko Lushoto, nikageuza kamera nimwonyeshe. Akakaa kimya.

"Mwanangu, si yale magugu hayo?"

"Hapana mama, hili ni ua."

"Umelinunua?"

Nikamwambia dola 6. Alicheka mpaka akamwita jirani.

Lakini hakukosea sana. Shambani kwetu kuna ndugu zake, wa kijani na maua ya waridi, waliomtesa miaka yote kwenye maharage. Anapalilia leo, mvua ikinyesha wamerudi, kwa sababu jembe huvitawanya vile vitunguu vyao vidogo vya chini ya udongo badala ya kuvimaliza. Sisi watoto tulikuwa tukitafuna vikonyo vyake kwa uchachu. Nilionja na jani la huu wangu, uchachu ni ule ule. Ni asidi ya oksaliki, kidogo haina neno kwa mtu, ila humdhuru paka, kwa hiyo mwenye paka auweke juu.

Julai joto lilipopita nyuzi 30 humu ndani, na kiyoyozi sina, majani yakaanza kuanguka. Safari hii sikugusa ndoo wala pipa: nilijua haujafa, unapumzika tu. Niliyakata yaliyokauka kwa mkasi, nikaacha kumwagilia, nikauweka gizani. Wiki sita. Nilikuwa nikifungua kabati kuchukua sabuni nauchungulia, halafu naona aibu.

Jana mama ameniuliza kama yamerudi. Nikamwambia bado, kesho ndiyo naanza kuyapa maji.

"Yatarudi tu hayo," akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitoa akiinua jembe.