Siku moja maishani mwangu: asubuhi ambayo kipima kasi changu kilidanganya

Saa 9:45 usiku niliamka nyumbani kwangu Ukonga, mvua ya masika ikiwa bado inapiga bati. Mimi ni rubani msaidizi wa ndege ya pangaboi yenye viti 76, na zamu ya siku hiyo ilikuwa safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Songwe, Mbeya, na kurudi.

Saa 11:00 alfajiri nilimkuta Kapteni ameshaifungua ramani ya hali ya hewa.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, binti. Umeona mawingu ya Morogoro?"

Nilikuwa nimeyaona. Katika ukanda wetu wa joto, hewa hufikia kiwango cha kuganda kwenye futi 16,000 hivi, hata kama walio chini wanatokwa jasho, na mawingu yaliyokuwa juu ya Uluguru yalikuwa yamepanda zaidi ya hapo.

Saa 11:30 niliizunguka ndege nikiwa na tochi. Kazi hii siifanyi kwa haraka hata siku moja, na mahali ninapokawia zaidi ni puani, kwenye mirija ya Pitot. Ni mirija midogo inayotazama mbele, kila mmoja ukiwa na tundu ambalo hewa huingilia. Ndege inavyozidi kwenda kasi ndivyo hewa inavyozidi kusukuma ndani yake, na msukumo huo ndio unaogeuzwa kuwa namba ya kasi mbele ya macho yetu. Henri Pitot, mhandisi Mfaransa, alibuni kifaa hicho mwaka 1732 ili apime mwendo wa maji ya mto. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya Birgenair aina ya Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 wakafariki. Wachunguzi waliona kwamba mrija mmoja ulikuwa umeziba, na walioshukiwa zaidi ni nyigu wanaojenga kwa udongo. Kwa hiyo nilivihesabu vifuniko vyenye vitambaa vyekundu baada ya kuvivua, nikamulika tundu moja moja. Yote yalikuwa wazi.

Saa 12:25 asubuhi tuliondoka, nami ndiye niliyekuwa nikiendesha. Tulipofika noti 80, yaani kilomita 148 kwa saa, Kapteni aliitaja kasi hiyo kwa sauti nami nikathibitisha kwamba kipima kasi changu kinasoma vilevile. Kama vingetofautiana hapo, tungeisimamisha ndege ikiwa bado ardhini.

Saa 12:43 tulikuwa ndani ya wingu zito, tumepita futi 17,000, wakati taa ya tahadhari ilipowaka: kipashajoto cha mrija wa upande wangu, kinachozuia barafu isiuzibe, kilikuwa kimekufa. Kapteni alichukua kijitabu cha hitilafu. Kabla hajamaliza mstari wa pili, namba ya kasi kwenye kioo changu ilianza kushuka: 210, 190, 160, 120. Namba ya mwisho, kama ingekuwa ya kweli, ilimaanisha kwamba tunakaribia kuanguka. Otopailoti (mtambo unaoiendesha ndege badala ya rubani), ambayo ilikuwa ikifuata kasi ya upande wangu, iliamini hivyo, ikaanza kuinamisha pua ili kuutafuta mwendo ambao kwa kweli haukuwa umepotea.

Nakiri kwamba mkono wangu nao ulitaka kusukuma usukani. Lakini mngurumo wa injini haukuwa umebadilika, wala nguvu yake. Kioo cha Kapteni kilisoma 210 na kikizidi kupanda kwa kuwa pua ilikuwa inainama, na kile kipima kasi cha akiba kilicho katikati, chenye mrija wake wa peke yake, kilikubaliana naye. "Changu ndicho kibovu," nikasema. Kapteni akapokea usukani, akaitoa otopailoti, akairudisha pua na nguvu ya injini kwenye vipimo vya jedwali, kisha akatulia. Utulivu ule ndio ninaotaka kuueleza kuliko jambo jingine lolote. Ndege ambayo pua yake iko mahali pake na nguvu ya injini iko mahali pake haiwezi kupoteza kasi ghafla, hata kioo kiseme nini. Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris iliangukia Atlantiki ikiwa na watu 228, baada ya barafu kuziba mirija yake kwa muda usiofika hata dakika moja, kwa sababu pua iliinuliwa na haikushushwa kwa wakati.

Tulihamishia kioo changu kwenye vipimo vya upande wa Kapteni, nami nikatoa taarifa ya dharura ya ngazi ya pili kwa waongoza ndege, ambao walitupa futi 12,000, juu vya kutosha kuikwepa milima na chini vya kutosha kuyeyusha barafu. Kapteni aliamua turudi Dar es Salaam, akawaeleza abiria kwa Kiswahili kisichoficha kitu.

Saa 1:20 asubuhi tulitua. Mama mmoja mwenye kikapu alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, ndege imeharibika?" Nilimjibu kwamba kifaa kimoja kati ya vitatu kimeharibika, na kwamba hatuvuki milima kwenye mawingu kwa viwili vilivyobaki kama uwanja wenye mafundi uko karibu. Alinishika mkono, akashuka.

Saa 3:00 nilikuwa naandika kwenye kitabu cha ufundi: urefu, nyuzijoto, dakika, namba zilivyoshuka. Abiria waliondoka saa 5:00 kwa ndege nyingine.

Saa 8:30 mchana fundi aliniita karakana. Alikuwa amepima waya wa kipashajoto na kuukuta umekatika, ameshafunga mrija mpya, na sasa alikuwa akipima kama mipira yake inavuja. Aliniwekea ule wa zamani kiganjani. Nilichungulia tunduni kwa tochi ileile ya alfajiri, na hapakuwa na kitu. Barafu ilikuwa imeyeyuka yote, bila kuacha hata unyevu.