Nagona imenibana kifua

Nimemaliza Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, sasa hivi. Chai imepoa mezani.

Kezilahabi huyu wa 1990 si yule wa riwaya yake Rosa Mistika ya 1971. Kule alinishika mkono, nikamwona baba mlevi, binti, barua. Hapa ameniachia mkono gizani. Sentensi fupi, kimya kirefu, njia siioni.

Jioni nikaanza kusoma kwa sauti, maana macho peke yake hayakutosha. Mama akachungulia mlangoni:

"Mwanangu, unasoma dua?"

Sikumjibu upesi. Kweli ilisikika hivyo.

Mimi ni mtu wa Shafi Adam Shafi. Nikisoma riwaya yake Vuta n'kuvute nawasikia watu wa Unguja wakizungumza kabisa, na Yasmin anapomwacha mumewe Raza moyo unanienda mbio. Uandishi huo ulikuwa unanitosha.

Lakini leo nimeguswa na kitabu ambacho hata kisa chake siwezi kukusimulia. Kesho naanza tena ukurasa wa kwanza.

Jamani, nani mwingine amesoma Nagona? Uliisoma kimyakimya au kwa sauti? Na ni mwandishi gani mtindo wake ulikushinda mwanzoni, ukaja kuupenda baadaye?